Anayekaa na Mama Hakai

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa Februari, mwaka 2025. Nilikuwa nimewasili Merigi jioni ya siku iliyotangulia, kama ilivyokuwa ada yangu kila mwisho wa mwezi, nikiwa na sukari, unga na dawa za mama. Binti aliyekuwa akimtunza mama alingoja nimalize kikombe changu cha chai, akasimama kando ya mlango mikono nyuma, mithili ya mwanafunzi aliyeitwa ofisini, kisha akasema, "Mwalimu, nilikuwa naomba barua."

Barua ipi? Alikuwa amepata nafasi katika chuo kimoja mjini Eldoret kinachofunza kazi ya kuwatunza wazee na wagonjwa, na chuo hicho kilitaka ithibati kwamba mwombaji ana tajriba. Tajriba alikuwa nayo: miaka mitatu na miezi minane katika chumba cha mama yetu, aliyepatwa na kiharusi mwezi wa Mei 2021. Nikamwambia hilo si jambo la kumnyima mtu usingizi, nikachukua karatasi na kalamu papo hapo. Niliandika jina lake na nambari ya kitambulisho. Nilipofika mahali pa kusema alikuwa akifanya kazi gani, kalamu ilikwama.

Nimefundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka ishirini. Katika enzi za mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, tuliwakaririsha watoto msamiati wa ajira hadi wakauota: sonara, mhazili, dobi, nokoa. Hata topasi, ambaye wengi wa watoto hao hawakuwahi kumwona kwa macho, alikuwa na nafasi yake katika orodha. Lakini huyu aliyesimama mlangoni kwetu nimwite nani? Yaya ni wa watoto. Muuguzi ni mtu mwenye cheti na sare. Mtumishi wa nyumbani ni yule afuaye, apikaye na apigaye deki, na huyu aliyafanya hayo yote kisha ndipo kazi yake hasa ikaanza. Nilikumbuka namna sisi wenyewe, ndugu sita, tulivyozoea kuisema kazi hiyo katika simu zetu za kila wiki. Tulisema, "Kuna msichana anakaa na mama."

Msomaji mpenzi, hebu litazame neno hilo. Mtu akikaa, hafanyi kitu. Anayekaa amepumzika, ametua. Ukimwambia jirani kwamba fulani anakaa na mama, umemwambia kwamba mama hayuko peke yake, basi. Waama, hatukuwa na nia mbaya. Hata hivyo kitenzi hicho kimoja kilitusaidia kwa karibu miaka minne kutoiona kazi iliyokuwa ikifanywa mbele ya macho yetu, na kutoilipia.

Niieleze basi, kwa jinsi nilivyoiona baadaye nilipoamua kuitazama. Saa kumi na moja alfajiri, baridi ya milima yetu ikiwa bado imeushika mlango, binti huyu huwasha moto na kuteleka maji. Kabla maji hayajapata joto huwa ameshamgeuza mama ubavu, amemkagua mgongo, nyonga na visigino kwa mwanga wa tochi ya simu, maana hapo ndipo vidonda vya kulalia huanzia, na kidonda cha namna hiyo kikishafunguka kwa mtu mzee kufungika kwake ni kazi ya miezi. Humwogesha kwa kitambaa na beseni, sehemu baada ya sehemu, akiifunika ile iliyokwisha kuogeshwa ili mama asipate baridi wala asione haya. Hubadilisha nepi. Hupaka mafuta. Hayo humchukua saa nzima, na hapo bado hajamvisha nguo. Kuuvika mwili uliopooza upande mmoja kuna kanuni yake: mkono mgonjwa hutangulia kuingia katika nguo, na ukiwa ni wakati wa kuvua, hutoka wa mwisho. Hakuna aliyemfunza. Aliligundua mwenyewe baada ya mama kulia kwa uchungu mara kadhaa.

Kisha uji. Hapo msomaji atadhani nimefika penye wepesi. Mtu aliyepatwa na kiharusi aghalabu humeza kwa shida, na uji ukipotea njia ukaingia mapafuni huweza kumletea homa ya mapafu itakayomwua kabla ya kiharusi chenyewe. Kwa hivyo mama huinuliwa akaketi wima, kidevu kikainamishwa kidogo, kijiko kikaenda nusu nusu, kisha hungojwa. Binti hutazama koo. Likipanda na kushuka, kijiko kingine. Kikombe kimoja cha uji wa wimbi humchukua hadi dakika arubaini. Mimi nilijaribu siku moja, nikachoka kabla ya nusu kikombe, nikasingizia simu.

Baada ya hapo zipo dawa za shinikizo la damu, shuka za kufua, ng'ombe wa kukamua, na, fauka ya hayo, majani chai ya mama, ambayo tulimwomba "ayapitishie macho" kila wiki na ambayo hayakujichuma kwa kupitishiwa macho. Mchana mama hupenda mazungumzo. Kiharusi kilimwachia ulimi mzito, na miaka imemchanganyia watu, hivyo humwita binti huyu kwa jina la dadake aliyefariki zamani. Siku za mwanzo binti alikuwa akimsahihisha, "Kogo, si mimi huyo." Mama alilia upya kila mara kana kwamba msiba umefika siku hiyo. Binti akaacha kusahihisha, akaanza kuitika. Siku nyingine, akili ikiwa imetulia, mama humwita "lakwet", mwanangu, na hapo huitika vilevile.

Usiku kuna king'ora cha simu kila baada ya saa mbili. Humgeuza mama, akarudi kitandani pake upande wa pili wa chumba, akasinzia, king'ora kikalia tena. Hesabu mwenyewe, ewe mwanafunzi uliye hodari wa hesabu, ni usingizi wa namna gani alioupata kwa muda wa miaka mitatu na miezi minane.

Hilo la kumgeuza kila saa mbili tuliambiwa hospitalini mama alipokuwa akiruhusiwa kurudi nyumbani. Muuguzi alitupanga kando ya kitanda, akatuonyesha vizuri, akauliza kama tumeelewa. Tuliitikia kwa pamoja. Miongoni mwetu alikuwamo karani, mfanyabiashara, walimu wawili na kasisi, na baada ya siku nne wote walikuwa wamerejea makazini mwao. Aliyekuwa akihitaji kuyasikia maelezo hayo hakuwapo. Alikuwa Merigi akiangalia ng'ombe. Alipokea somo lile kupitia kwa dada yangu, kwa dakika kumi, mguu mmoja wa dada ukiwa tayari garini. Sina shaka kwamba kisa hiki kinarudiwa kila juma katika hospitali nyingi za nchi hii. Elimu hupewa jamaa, nayo kazi huachiwa asiyekuwapo.

Sasa nije kwenye fedha, nikiri. Tulianza kwa kumlipa shilingi 4,500 kwa mwezi. Baada ya mwaka mmoja na nusu tukapandisha hadi 6,000, tena kwa majigambo. Nilipokuwa nimekwama na ile barua ndipo nilipotafuta agizo la serikali kuhusu mishahara ya chini. Agizo la mwaka 2022 liliweka shilingi 8,109 na senti 90 kwa mwezi kwa kibarua wa kawaida katika maeneo yaliyo nje ya miji mikubwa na iliyokuwa manispaa. Lile la mwaka 2024 likaongeza asilimia 6, ikawa zaidi kidogo ya 8,500. Kwa hivyo mimi, ninayewafundisha watoto wa watu insha kuhusu haki, nilikuwa mvunja sheria katika nyumba niliyozaliwa. Tulijiliwaza kwamba binti anakula na kulala kwetu. Lakini Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka mshahara ulipwe kwa fedha za Kenya, na sijaona mahali inaposema kwamba ugali na mboga ni sarafu.

Lipo jambo jingine katika agizo hilo lililonishangaza zaidi ya tarakimu. Limewaorodhesha vibarua kwa majina ya kazi zao: mfagiaji, mtunza bustani, yaya wa watoto, mtumishi wa nyumbani, bawabu wa mchana, tarishi. Mtunza mzee hayumo. Halafu, safu chache chini yake, yumo mlinzi wa usiku, peke yake, na kima chake ni cha juu kuliko cha bawabu wa mchana. Maana yake sheria yetu yajua fika kwamba kukesha kuna thamani. Anayekesha akilinda lango la duka anaongezewa; anayekesha akilinda pumzi ya mama wa mtu hajaandikwa.

Katika nchi ya majani chai karibu kila kitu hupimwa. Mchumaji hufika na kapu lake katika kituo cha kununulia, majani yakatundikwa kwenye mizani, karani akasoma kilo, risiti ikatolewa. Kilo za mwezi hulipwa mwezini, na ifikapo Oktoba bonasi huamua ni mtoto yupi atakwenda shule na ni harusi ipi itangoja. Mwezi wa Mei mwaka 2023 mashine za kuchumia chai zilipochomwa moto huko Kericho, taifa zima lilijadili mkono wa mchumaji na thamani yake, na lilistahili kujadili. Ila mchumaji ana mizani. Je, kugeuzwa kwa mama usiku wa manane ni kilo ngapi? Mgongo usioota kidonda hauonekani kwa mgeni. Kazi hii ikifanywa vyema matokeo yake ni kwamba hapajatokea kitu, na ni vigumu sana kumlipa mtu kwa jambo ambalo halikutokea.

Watasema wengine kwamba kosa letu lilikuwa kumwajiri mtu wa nje tangu awali. Nayasikia maneno haya hasa makanisani na katika vikao vya wazee: kumlipa mtu amwogeshe mamako ni uzungu, zamani wazazi walitunzwa na damu yao. Ni kweli kwamba kwa desturi ya Wakipsigis kitindamimba wa kiume ndiye aliyebaki katika boma la wazazi. Lakini tujiulize ni nani hasa aliyebeba maji. Si kitindamimba. Alikuwa mke wake, au binti aliyetolewa shuleni, au mjukuu wa kike aliyetumwa "akakae na kogo" akiwa na umri wa miaka tisa na ambaye darasa lake lilimpita. Kijana wa kiume kumwogesha mamake ni jambo ambalo hata leo kwetu halitamkwi. Zamani hizo tunazozisifu zilikuwa na mtunzaji pia; tofauti ni kwamba hakulipwa hata hizo 6,000. Nisingependa wasichana ninaowafundisha warudishwe huko kwa jina la mila.

Na wazee wanaongezeka. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya takriban milioni 2.7 waliokuwa na umri wa miaka 60 au zaidi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inasema wanastahili kuishi kwa heshima na kupata utunzaji wa kiasi kinachofaa kutoka kwa familia na serikali. Serikali, kwa upande wake, ilianzisha malipo ya wazee mwaka 2006, na kuanzia mwaka 2018 ikayapanua chini ya mpango wa Inua Jamii kwa wote waliotimiza miaka 70: shilingi 2,000 kwa mwezi. Mama yumo. Fedha hizo huisha kwenye nepi kabla hazijafika kwenye dawa. Septemba mwaka 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 walizinduliwa kote nchini, wakapewa mikoba yenye vifaa, kikiwamo kipimo cha shinikizo la damu. Wa kwetu ni mama mwenye bidii, naye humpima mama kila apitapo. Hupita, akaenda zake, kwa kuwa ana kaya nyingi za kuzungukia. Na posho yake, 2,500 kutoka serikali kuu na 2,500 kutoka kaunti, ndiyo hiyo. Akishaondoka chumbani hubaki mtu yuleyule asiye na jina.

Jambo la ajabu ni kwamba jina lipo, ila liko ng'ambo. Wapo wana wa Bomet na Kericho kule Marekani na Uingereza ambao kazi yao ni hiyohiyo: kuamka alfajiri, kumgeuza mzee wa watu, kumlisha kijiko baada ya kijiko. Huko wana cheti, zamu na hati ya mshahara. Sehemu ya mshahara huo hurejea nyumbani kwa simu ili kumlipa msichana wa kijijini anayemgeuza mama aliyeachwa. Na msichana huyo naye, kama huyu wa kwetu, huwa amemwacha mtoto wake kwa nyanyake. Mtaalamu wa elimujamii wa Marekani, Arlie Hochschild, aliupa mpangilio huu jina la mnyororo wa utunzaji mwaka 2000. Kila pingu ya mnyororo huo hulipwa kidogo kuliko ile iliyoitangulia, na ile ya mwisho, yule nyanya anayelea mtoto, hailipwi kamwe.

Tusidhani hata hivyo kwamba ng'ambo haki ilishuka kama mvua. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 iliwaondoa wanaowatunza wazee majumbani katika ulinzi wa mshahara wa chini na malipo ya saa za ziada, kwa hoja kwamba kazi yao ni kumpa mzee uenzi. Kwa lugha yetu ya Merigi: wanakaa naye tu. Mwanamke mmoja mzaliwa wa Jamaika, Evelyn Coke, aliyefanya kazi hiyo kwa miaka mingi katika jimbo la New York, alimshtaki mwajiri wake akidai saa za ziada. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na mwezi wa Juni mwaka 2007 majaji wote tisa wakaamua dhidi yake. Alifariki mwaka 2009, akiwa ametumia maisha yake kuwatunza wagonjwa na yeye mwenyewe akiwa mgonjwa. Kanuni hiyo ilibadilishwa mwaka 2013, na mabadiliko yakaanza kutekelezwa mwaka 2015. Nchi tajiri kuliko zote ilihitaji zaidi ya miaka arubaini kugundua kwamba anayekaa hakai.

Milango yenyewe pia hufunguka na kufungika kwa matakwa ya wenyewe. Uingereza iliwafungulia watunzaji kutoka nje mwezi wa Februari 2022. Machi 2024 ikawakataza kuja na watoto na wenzi wao. Julai 2025 ikaufunga mlango wa kuwaajiri wapya kutoka ng'ambo. Vyuo vya kufunza utunzaji vilivyochipuka katika miji yetu vilikuwa vimetundika bendera za nchi hiyo madirishani. Binti wetu alikuwa ameanza masomo mlango ulipofungwa. Sasa ananiambia anajifunza Kijerumani, kwani Kenya ilitia sahihi mkataba wa ajira na Ujerumani mwezi wa Septemba 2024, na kwamba vitenzi vya lugha hiyo hukaa mwishoni mwa sentensi, jambo analoliona kuwa la ufidhuli.

Nimeulizwa na dada yangu kama sioni uchungu kuona wasichana wetu wakienda kuwatunza wazee wa watu, nasi tukibaki kuhangaika. Naona. Lakini sithubutu kumlaumu. Shilingi tulizomdhulumu, nikizijumlisha tangu agizo la mwaka 2022 hadi mwezi alioondoka, zinazidi karo ya muhula wake wa kwanza. Tulikutana ndugu sita kwa simu tukakubaliana kumrejeshea. Wawili walinung'unika, mmoja, nisiyemtaja, aliuliza kama tutaanza pia kuwalipa majirani kwa kutusalimia. Fedha zilitumwa kwa awamu tatu. Aliyechukua nafasi yake, mama wa makamo kutoka kijiji cha jirani, analipwa kima cha sheria na ana Jumapili yake; siku hiyo sisi hupokezana zamu, na sasa hata kasisi anaijua ile kanuni ya mkono mgonjwa kutangulia.

Turudi kwenye barua. Kumbe haikuwa hisani. Kifungu cha 51 cha ile Sheria ya Ajira kinamlazimu mwajiri kumpa cheti cha utumishi kila mfanyakazi aliyetumika kwa zaidi ya majuma manne anapoondoka, na kutokitoa ni kosa. Cheti kitaje jina la mwajiri, jina la mwajiriwa, tarehe ya kuanza na ya kuacha, na aina ya kazi. Niliichana ile karatasi ya kwanza. Kwenye aina ya kazi niliandika "mtunzaji wa mzee nyumbani", kisha, kwa kuwa maneno hayo yalionekana mafupi mno, nikaongeza chini yake kazi zenyewe moja baada ya nyingine, kuanzia kumkagua mgongo alfajiri hadi kumgeuza usiku. Ukurasa ulijaa.

Nilimpa asome kabla ya kutia sahihi. Alisoma polepole akiwa amesimama, akafika chini, akarudi juu.

"Mwalimu, hapa umeandika nilianza Julai."

Nilimwambia ndiyo, Julai 2021, mama alipotoka hospitalini.

"Nilianza Juni. Mama alikuwa bado amelazwa. Mliniacha hapa wiki mbili nikisafisha chumba."

Nikafuta Julai, nikaandika Juni.